TUJUE MASHINE ZETU: Turbo imekufa, au ni mpira tu?

Mwezi uliopita katika safu hii tuliongea juu ya pampu ya maji ya mkono. Mwezi huu tumeletewa swali lenye pesa za watu ndani yake, ndiyo maana tumeliweka mbele ya maswali mengine.

Swali limetoka kwa kundi moja la akiba, familia kumi na nne. Kundi hili lina gari, Toyota Hiace ile ya zamani inayoitwa Super Custom, yenye injini ya dizeli na turbo. (Tuliotoka Kongo tunasema mazutu, hapa Uganda wanasema dizeli, kitu ni kimoja.) Siku za soko gari linabeba maharage na mahindi. Usiku, kama ambulansi iko mbali, linabeba mgonjwa au mama mwenye uchungu. Basi gari likaanza kulia. Likiwa na mzigo na likianza kupanda kilima, linatoa sauti ya "shaaaa" iliyochanganyika na mluzi, na nguvu zinapungua mpaka mwenye baiskeli analipita. Likisimama linaunguruma pale pale, husikii kitu.

Wakalipeleka kwa fundi wa senta. Fundi akafungua, akasikiliza muda usiofika hata dakika mbili, akasema: turbo imekufa, leteni pesa ya turbo nyingine iliyotumika. Pesa aliyotaja ni karibu yote iliyo ndani ya sanduku. Na pesa ya sanduku imeshapewa kazi yake, ni karo ya watoto wa sekondari kwa muhula unaokuja. Wametuuliza: tulipe au tusilipe?

Tuliwajibu msilipe bado. Hatukusema fundi ni mwongo, hapana. Fundi anaweza kuwa na haki. Ila turbo ndiyo kitu kinachosingiziwa kuliko vyote katika gari la namna hii, kwa sababu ina jina kubwa na bei kubwa, na mwenye gari hajawahi kuiona kwa macho. Gari likitoa moshi, turbo. Likikosa nguvu, turbo. Likipiga mluzi, ndiyo kabisa.

Sasa turbo yenyewe ni nini? Fikirini feni mbili ndogo, kila moja ingeingia kwenye kiganja cha mtu mzima, zimefungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Ikizunguka, inazungusha na ya pili, ambayo inavuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Wazo ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha mwaka 1905. Moshi ambao ungetupwa bure unalipishwa kazi kabla ya kutoka.

Jambo la kushika ni mwendo. Injini ya gari hili haifiki hata mizunguko 5,000 kwa dakika. Shafti ya turbo inaweza kupita 100,000. Kwa mwendo huo chuma hakiwezi kugusana na chuma, kwa hiyo shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana, au ikiwa chafu, shafti inakula beringi zake kwa muda mfupi sana. Ndiyo kusema turbo mara nyingi haifi yenyewe. Inauawa na kitu kingine. Ukinunua nyingine bila kumtafuta aliyeiua, utamzika na huyo mgeni.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kuliona gari. Tulikwenda na papa mmoja wa bloku ya jirani, aliyeendesha malori miaka mingi njia ya Bukavu na Uvira. Sisi ni walimu, tunajua fizikia ya daftari; yeye anaijua ya barabara. Vijana walikuwa wameshatoa spana kwenye mfuko. Papa akasema warudishe. Alianza kumuuliza dereva maswali.

Sauti inakuja asubuhi gari likiwa baridi, au likishapata moto? Zote mbili, dereva akasema. Ukiondoa mguu kwenye mafuta inafanya nini? Inakatika mara moja. Ukikanyaga mafuta gari limesimama? Inasikika kidogo tu, au hakuna. Moshi una rangi gani kwenye kilima? Mweusi, kuliko zamani. Siyo wa buluu? Siyo. Oili mnaongeza mara ngapi kwa mwezi? Dereva akafikiri, akasema hawajaongeza tangu walipobadilisha.

Papa akatugeukia akasema, turbo iliyokufa inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Hii haionyeshi tabia hiyo. Hapo alikuwa bado hajafungua kitu chochote.

Tueleze alivyofikiri, maana hapo ndipo penye somo. Gari likisimama linaunguruma tu, turbo inazunguka polepole na hewa ndani ya mabomba haina nguvu. Mzigo ukija, kama kwenye kilima, ndipo hewa inabanwa. Bomba likiwa na tundu, tundu hilo litanyamaza gari likisimama, na litapiga kelele gari likivuta mzigo. Hewa iliyotakiwa kuingia kwenye injini inatoroka njiani, mafuta yanaungua vibaya, moshi unakuwa mweusi na nguvu zinakwisha. Sauti, moshi na kilima vyote vinasema neno moja. Kumbukeni, fundi wa senta alilisikiliza gari likiwa limesimama.

Super Custom ina jambo moja zuri na moja baya. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Uzuri ni kwamba ukiinua kiti unaiona pale pale. Ubaya tutausema baadaye.

Tuliinua kiti, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Injini hii ni ile ya 1KZ-TE, ya silinda nne na lita 3, iliyoanza kuwekwa kwenye magari haya mwaka 1993, kwa hiyo mipira yake mingi ina umri wa watoto wetu wakubwa. Papa akapitisha kidole chini ya mpira unaopeleka hewa toka turbo kwenda kwenye injini. Kidole kikatoka cheusi, chenye oili na vumbi. Kwa juu mpira ulikuwa mzima kabisa. Akaukunja kidogo, na pale karibu na klipu, upande wa chini, ufa ukafungua mdomo. Urefu wake kama nusu ya kidole. Hewa ya turbo huwa inabeba ukungu kidogo wa oili, na ikitoroka inaacha alama. Kwa hiyo mkitafuta tundu, tafuteni uchafu wenye mafuta kwenye mpira ulio mkavu kwingine kote.

Kijana mmoja akasema basi, tumeshapata, tufunge. Papa akakataa. Kuona kosa moja hakuzuii kuwa na la pili. Akafungua bomba la kuingizia hewa ili aione ile feni ya turbo. Akaizungusha kwa kidole: ikazunguka laini, bila kukwaruza. Akaisukuma pembeni: ikacheza kidogo sana. Hiyo ni kawaida, kwa sababu utando wa oili haupo injini ikiwa imezimwa. Kisha akaivuta mbele na kuisukuma nyuma, kwa urefu wa shafti. Haikusogea. Hapa ndipo pa kupima: ikisogea mbele na nyuma mpaka unasikia "tak tak", beringi imekwisha. Mwisho akatazama ncha za mabawa kwa tochi ya simu. Hazina alama ya kugusa ukuta. Turbo ni nzima.

Kitu kilichomkasirisha ni kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama na nzito kama lami. Dereva alisema hawajaongeza tangu walipoibadilisha, lakini alipoulizwa ni lini waliibadilisha, kila mtu alimtazama mwenzake. Basi turbo yao haijafa, ila walikuwa wameanza kuichimbia kaburi. Kundi limekubaliana kununua mpira, klipu mbili, oili na filta. Sehemu kubwa ya pesa ya sanduku imebaki ndani ya sanduku.

Tunajua wengine mna magari ya aina nyingine, Surf, Prado, Townace, na sauti zenu siyo hii. Tuseme na hizo, maana kila sauti ina mwenendo wake.

Chombo cha kwanza hakina bei. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye chuma cha injini, na mpini wake uugandamize kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti hupita kwenye chuma kwa mita 5,000 hivi kwa sekunde, hewani ni mita 340 hivi tu, na chuma hakichanganyi sauti za pembeni kama hewa. Utasikia kila sehemu inasema peke yake, utashangaa. Kwa hewa inayovuja tumia kipande cha mpira wa maji cha mita moja: upande mmoja sikioni, mwingine unaupitisha karibu na viungo vya mabomba. Lakini jamani, injini inazunguka. Mama mwenye kitenge kinachoning'inia asiiname hapo, shati la mikono mirefu likunjwe, na watoto wakae mbali. Feni na mikanda haviombi msamaha.

Mlio wa "kwiii" asubuhi, hasa mvua ikinyesha au ukiwasha taa, mara nyingi ni mkanda wa nje. Nyunyiza matone machache ya maji juu yake. Sauti ikibadilika au ikikatika kwa muda, umempata. Mkanda ni rahisi, na tumesikia watu wakiuziwa dinamo kwa kosa la mkanda.

"Tiki tiki tiki" ya haraka gari likiwa baridi, inayopungua likishapata moto, mara nyingi ni moshi unaovuja mahali menifoldi inapokutana na injini, au inapokutana na turbo. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba nafasi. Tafuta masizi meusi kwenye kiungo. Moshi ukivuja kabla ya kufika turbo, turbo nayo inakosa nguvu, na hapo pia watu husema imekufa. Ule ubaya wa Super Custom tuliouahidi ndio huu: moshi ukivuja chini ya viti unaweza kuingia mahali watu wanapokaa. Ukisikia harufu ya moshi ndani, fungueni madirisha, na msimpakie mgonjwa wala mama mjamzito mpaka kiungo kitengenezwe.

Mluzi mwembamba wa turbo yenyewe, unaopanda na kushuka pamoja na mafuta, ni sauti yake ya kawaida. Wa kuogopa ni ule unaokua wiki hata wiki mpaka unakuwa kama king'ora, au unaokwaruza kama kisu kwenye jiwe. Huo ukija pamoja na moshi wa buluu, zima gari. Injini ya dizeli inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe inayovuja kutoka kwenye turbo, na hapo ufunguo unaweza kushindwa kuizima.

Sasa tuje kwenye kugonga, maana hapa hatutaki utani. Kila injini ya dizeli ya zamani hugonga kidogo asubuhi, kisha hutulia. Swali ni moja: ikipata moto, sauti inapungua au inaongezeka? Ikipungua, una nafasi ya kupumua. Ikiongezeka, ikawa nzito, ya chini kabisa, "ngo ngo ngo", na zaidi ukikanyaga mafuta, inawezekana beringi ya konrodi (sisi tulisema biyele) imekwisha. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, haiwezi tena kujaza nafasi iliyoliwa. Taa ya oili ikiwaka pamoja na sauti hiyo, usiseme tufike kwanza. Simama hapo hapo ulipo.

Tunaijua Surf moja ya mfanyabiashara wa njia ya sokoni iliyogonga hivyo. Mwenyewe alisikia, abiria walisikia, hata wauza ndizi wa pembeni walisikia. Alikuwa na mzigo wa samaki, akasema nikishusha ndipo niende garaji. Konrodi ilikatika ikatoboa ukuta wa injini, oili yote ikamwagika barabarani, na samaki wakaoza. Beringi zingekuwa na bei yake, ndiyo, lakini injini nzima ni kitu kingine. Gari hilo limesimama hadi leo, kuku wanataga ndani yake.

Kuna kugonga kwingine kwa ukali, "ka ka ka", kwa silinda moja, ambako mara nyingi ni nozeli inayomwaga mafuta vibaya. Mafundi wa zamani hulegeza kidogo nati ya bomba la mafuta la silinda moja baada ya nyingine injini ikiunguruma. Sauti ikikatika, wameijua silinda. Njia hii inataja silinda, haisemi kama ni nozeli au konrodi, na ni kazi ya fundi, siyo ya mwenye gari. Na kwa injini za kisasa zaidi zinazoandikwa D-4D, ni marufuku kabisa. Mafuta ndani ya mabomba yake yanapita bar 1,000, wakati tairi la gari dogo lina 2 au 3. Mchirizi mwembamba wa mafuta hayo unapenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumkata mtu mkono. Aliyepatwa aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumii.

Wenye injini ya KZ, tazameni pia taa iliyoandikwa T-BELT kwenye dashibodi. Inahesabu kilomita za mkanda wa ndani wa taimingi. Wengine wameitoa balbu kwa sababu inawasumbua macho. Mkanda huo haupigi kelele nyingi kabla ya kukatika, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Turudi kidogo kwa wenzetu wa kundi. Waliomba tuwaandikie karatasi ya kumpelekea fundi, ili wasionekane wanambishia. Tuliwaandikia hivi: sauti inakuja wakati wa mzigo tu, moshi mweusi, hakuna wa buluu, oili haipungui haraka, mpira una ufa upande wa chini, feni ya turbo haichezi mbele na nyuma. Fundi alisoma, akacheka, akasema watu wa kambi mmekuwa mainjinia. Mpira aliufunga yeye mwenyewe, na kazi aliifanya vizuri. Wengine mnaweza kufanya vile vile kabla ya kwenda garaji: andikeni sauti inakuja lini, gari likiwa baridi au moto, na mzigo au bila, na rangi ya moshi. Kama fundi anasema turbo imekufa, mwombeni aifungue hewa mbele yenu na awaonyeshe shafti ikicheza. Na kama kweli ni turbo, mwulizeni tena atasafisha bomba la oili linaloilisha au ataiacha ile ile iliyoziba.

Dereva naye amepewa kazi mbili. Kupima oili kila asubuhi ya soko, na baada ya kilima kirefu kuliacha gari liungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ukizima turbo ikiwa na moto mkali, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda kama masizi.

Kitu kimoja bado hakijaisha. Tulipokuwa pale, papa alisikia "tiki tiki" ndogo upande wa menifoldi, na akaona bolti moja haipo. Mpaka bolti hiyo na gasketi yake vipatikane, kundi limekubali kwamba gari litabeba maharage tu, na usiku wataendelea kupiga simu ya ambulansi.

Mwezi ujao tutaongea juu ya betri za sola, kwa nini zile za nyumba nyingi zinakufa kabla ya mwaka. Wenye maswali wayalete shuleni mchana, kwenye kile kisanduku cha mlango wa ofisi.